Kikopo cha Mkojo wa Mkwe Wangu

Nyie vijana mtakaosoma haya, kama mnataka kucheka chekeni mmalize, maana wodi nzima ilikwisha kucheka kabla yenu na mimi bado naamka alfajiri nakwenda shamba kama kawaida. Nilifanya jambo la aibu mbele ya watu, na umri huu, mimi ambaye hapa Kakese vijana wanaokunywa pombe wakiniona kwa mbali wanaficha chupa. Sitalipamba. Nilikojoa mimi kwenye kikopo, nikawaambia madaktari mkojo ule ni wa mkwe wangu, na sikufanya hivyo mara moja. Sasa mmeshajua, tuendelee.

Mkwe wangu anaitwa Kalisti. Ni Mpimbwe, kamuoa binti yangu Skola, wanakaa Kabungu wanalima. Mtu mpole, hana kelele. Kwetu sisi, na kwao vilevile, mama mkwe na mkwe hawazoeani. Akija kwangu haingii ndani, anachuchumaa uani mbali kidogo, anasalimia akiangalia chini, na mimi naitikia nikiangalia kuku. Hatupeani mkono, hatuli mahali pamoja, tukikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Miaka yote hiyo sikuwahi kumtazama usoni nikajua ana sura gani hasa (najua ana ndevu, basi), na sikuona ubaya wowote. Nyie mnaopiga picha na wakwe zenu mmeshikana mabega, hayo ni yenu.

Basi siku hiyo alikuja kunipa habari kwamba Skola kajifungua salama, mtoto wa kiume. Alichuchumaa palepale pake, akaanza kusimulia, mimi nasikiliza huku napepeta mchele. Katikati ya maneno nikasikia anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikasema moyoni huyu kanywa, kaja kwangu amelewa, leo nitamwambia. Nikainua macho kumkaripia, nikaona mdomo umekwenda upande, na yeye anakwenda upande uleule, polepole, mpaka akalala juu ya mpunga niliouanika. Nilisimama. Nikangoja ainuke mwenyewe, kwa sababu sikujua nimshike wapi mtu ambaye siruhusiwi kumshika popote. Ni jirani ndiye aliyepiga kelele kutoka ng'ambo ya uzio, wanaume wakaja wakambeba wakampakia kwenye bajaji, na mimi nikapanda nyuma nikamshikilia kichwa kisigonge chuma, nimekunja kanga mara kadhaa ili mkono wangu usimguse.

Hospitalini walituambia ni kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mkono na mguu, na ulimi nao. Wakamlaza wodi ya wanaume. Mlangoni sista akasema anayebaki na mgonjwa ni mzazi, mke au mtoto wake, wengine wote wasubiri nje mpaka saa ya kuona wagonjwa. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja aliyesema yeye ni jirani, akarudishwa. Nikapiga hesabu zangu haraka. Mke yuko Kabungu na mtoto ambaye kitovu hakijadondoka. Ndugu zake wako Mpimbwe, na simu zao ukipiga unaambiwa hazipatikani. Nikimwacha huyu mtu peke yake hawezi hata kuomba maji.

"Wewe ni nani wake?" sista akaniuliza.

"Mama yake mzazi."

Ndivyo nilivyoanza. Niliona ni uongo mdogo wa kupita mlangoni, nikadhani ukishapita mlango unauacha nje kama viatu. Kumbe nimeingia nao.

Asubuhi yake daktari akapita. Ni binti, umri wake hauzidi wa mjukuu wangu mkubwa, lakini anaongea taratibu na anakutazama usoni. Akamtoa Kalisti damu mwenyewe, mkononi, hiyo haikuwa na tabu. Kisha sista akaja na kikopo cheupe chenye kifuniko, akasema, mama, msaidie mwanao, tunataka mkojo wake, kidogo tu, ukishapata ulete pale mezani. Nikamuuliza wa nini, mgonjwa anaumwa kichwani. Daktari akasikia, akarudi kunieleza. Alisema ubongo wa mtu huwezi kuufunua ukautazama kama chungu jikoni, kwa hiyo damu na mkojo ndivyo vinavyowaonyesha kiharusi kimetoka wapi na kama kuna kingine kinafuata. Kuna sukari, kuna mafuta, kuna protini. Protini ikionekana kwenye mkojo, akasema, maana yake mishipa midogo ya figo inavuja, na ile ya kichwani ni midogo vilevile, inaumia kwa presha ileile. Alieleza vizuri. Kama kuna kosa, si lake.

Nikabaki na kikopo. Nikamwendea Kalisti, nikasimama kwenye miguu ya kitanda, nikakinyanyua akione. Yule mtu aliyekuwa hawezi kugeuza hata shingo alijitahidi akageukia ukutani, na jicho lake zima likatoa machozi. Aliona mama mkwe wake anamjia na kikopo. Hata mimi ningelia.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikumwomba mwanamume. Alikuwepo. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mzee mmoja aliyevunjika mguu, anaitwa Mzee Nkana, na kijana wake wa kiume aliyekuwa akimuuguza ndiye aliyekuwa anamsaidia Kalisti kuoga na mambo ya haja, kwa sababu nilimdanganya kwamba mgongo wangu hauinami. (Uongo wa pili. Huzaliana kama panya.) Lakini kijana huyo asubuhi alikwenda kutafuta chai, na nikawaza kwamba akirudi nikampa kikopo ataniuliza ni mgongo gani unaomzuia mama kumshikia mwanawe kikopo. Na sista ananitazama toka mezani. Ndipo nikajisemea kwamba mkojo ni mkojo. Jana usiku tumekula chakula kimoja, mimi nilimalizia alichobakisha. Maji tumekunywa ya ndoo moja. Wanataka kuona rangi tu, wataona rangi. Nikaenda chooni, nikarudi nacho kimejaa mpaka juu, nimekifunika kwa kanga, nikakiweka mezani.

Sista akanisifu. "Kila mwenye mgonjwa angekuwa kama wewe, mama, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Nikasema asante.

Kalisti aliona yote. Aliniona nimeondoka na kikopo kitupu na kurudi nacho kimejaa, na akili yake ilikuwa nzima, ni ulimi tu. Daktari alipokuja baadaye akajaribu kumwambia. Alijitutumua mpaka shingo ikasimama mishipa, na kilichotoka ni "ma… ma… ma…" Daktari akaniangalia kwa huruma, akasema, sogea karibu mama, anakuita. Nikasogea hatua moja.

Majibu yakaja. Daktari akasema kwenye mkojo kuna sukari, tena nyingi, na kuna protini. Akamtoboa Kalisti kidole, akaweka tone kwenye kile kimashine chao, akakitazama, akakitikisa, akamtoboa kidole kingine. Kwenye damu sukari ni ya kawaida kabisa. Akasimama pale akiwaza. Akaniambia kwa sasa tumwachishe kila kitu kitamu mpaka waelewe, na kesho nilete mkojo mwingine, ule wa kwanza kabisa wa alfajiri.

Mimi nilikuwa nimeshapika uji wake, wa ulezi, na nilikuwa nimeutia sukari ya kutosha kwa sababu Skola aliniambia kwa simu kwamba mume wake bila sukari hanywi. Siwezi kumwaga uji. Sijawahi kumwaga uji katika maisha yangu. Nikamkorogea mwingine mweupe usio na kitu, nikampa kijana wa Mzee Nkana amnyweshe kwa kijiko, na ule mtamu nikanywa mimi, nimekaa kwenye kigoda mbele ya kitanda chake, kikombe cha kwanza na cha pili. Kalisti ananitazama. Nilihisi ananitazama, nikageuza kigoda nikampa mgongo.

Mnaona inakoelekea. Alfajiri nikaenda tena chooni na kikopo, maana sasa nisingeweza kuacha, wakiona mkojo umebadilika ghafla watauliza. Na mkojo ule ulikuwa umelala na uji wangu usiku kucha. Daktari alipopata majibu alikuja anatembea haraka.

"Mama, unampa nini huyu?"

"Uji mweupe, daktari. Waulize hawa."

"Mkojoni sukari imezidi ya jana. Kwenye damu haipo. Sijawahi kuona hivi."

Wakaja madaktari wawili wengine wakasimama kuzunguka kitanda, wakaongea kiingereza, wakamwangalia Kalisti kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyeandika majibu ya mtihani wa darasa jingine. Nilikaa pale nimenyoosha uso wangu. Huwa nina uso wa kutojibu, watoto wangu wanaujua, na siku hiyo niliutumia wote. Wakakubaliana kwamba figo zake zina hitilafu, zinaachia sukari ipite. Daktari wetu akasema kuna dawa moja ya presha ambayo figo mbovu haziipendi, akaisimamisha kwanza. Na siku hiyohiyo, kufikia jioni, presha ya Kalisti ikapanda. Akawa mzito, ukimwita anachelewa kufumbua jicho.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, lakini niliogopa vibaya. Niliogopa kusema zaidi ya nilivyoogopa kunyamaza. Nilijiambia Mungu anaona nia yangu, kesho atachangamka. Nilisali rozari nzima nikiomba mkwe wangu apone, na sikuomba kitu kimoja nilichopaswa kuomba, yaani mdomo wangu ufunguke.

Asubuhi iliyofuata daktari akasema wanampa rufaa kwenda Mbeya, kwa wataalamu wa figo. Mnaijua safari ya Mbeya kutoka huku. Mtu mzima wa afya anafika akiwa ameshikilia kiuno. Daktari mwenyewe alisema haipendi, mgonjwa bado mbichi, kumtikisa njiani ni hatari, lakini kama figo zinakufa hakuna namna. Gari la wagonjwa litaondoka mchana. Nikatazama kile kitanda. Skola ndiyo kwanza kajifungua, na mume wake anapakiwa kwenye gari kwenda kufia njiani kwa sababu ya uji niliokunywa mimi.

Nikafungua mdomo. Na wakati huohuo akaingia Gaspari.

Gaspari ni kaka mkubwa wa Kalisti, katoka Mpimbwe, kapata habari kwa mtu wa lori, kafika na vumbi mpaka kwenye kope. Akanisalimia vizuri kwa heshima yake yote, akachuchumaa kabisa, pale katikati ya wodi, macho chini, kama wanavyofanya kwao. Daktari akashangaa. Akamuuliza, wewe ni nani wa mgonjwa? Akasema kaka, baba mmoja mama mmoja. Daktari akasema vizuri, basi utasaidiana na mama yako kumsindikiza Mbeya.

Gaspari akainua macho. Akatazama mlango, kama mtu anayetafuta nani kaingia.

"Mama yetu tulimzika zamani," akasema. "Huyu ni mama mkwe wake. Hata hivyo nashangaa yuko huku ndani."

Sista aliyenisifu aliacha kukunja mashuka. Daktari akanigeukia, hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kelele. Akauliza jambo moja tu.

"Bibi, ule mkojo ulimchukuaje?"

(Tayari nilikuwa bibi. Umama ulikwishaniondoka.)

Ningeweza kudanganya tena. Nitawaambia kweli, uongo mwingine ulikuwa tayari, umeshakaa mdomoni, wa kusema alikojoa mwenyewe chini ya blanketi. Kisha nikamwona Kalisti. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni sawasawa. Alikuwa amefumbua jicho lake zima, ananitazama, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Alijua jibu na hawezi kulisema, na mimi ninayeweza kulisema nimekaa kimya.

"Sikumchukua," nikasema. "Mkojo ule ni wangu. Wa jana na wa juzi. Yeye hajatoa hata tone."

Gaspari akainuka pale alipochuchumaa, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Nilielewa. Jambo la mama mkwe kutaja mkojo wake mbele ya wakwe, hadharani, kwa sauti, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Daktari alifumba macho kidogo. Sista akaziba mdomo kwa shuka.

Ni Mzee Nkana aliyevunja ukimya, kutoka kitandani kwake, mguu wake umening'inizwa juu.

"Kwa hiyo gari la wagonjwa lilikuwa liupeleke Mbeya mkojo wa bibi huyu."

Wakacheka. Waliovunjika walicheka, waliofungwa bandeji walicheka, mmoja aliyepasuliwa tumbo akawa analia anaomba watu wasimchekeshe. Kijana wa Mzee Nkana aliinama akashika magoti. Hata dirishani nikaona mabega ya Gaspari yanatikisika, na namshukuru kwamba hakugeuka. Mzee Nkana hakuridhika, akaniuliza kama mgongo wangu sasa unainama au bado. Nikamwambia anyamaze aangalie mguu wake. Wakacheka upya.

Daktari peke yake hakucheka, alikuwa na kazi. Alimpa Gaspari kikopo kipya, akavuta pazia, na nyuma ya pazia ndugu wawili wakamaliza kwa muda mfupi jambo lililonishinda kutwa nzima mara mbili. Akasimamisha gari. Akarudisha dawa ya presha saa ileile. Mkojo wa Kalisti mwenyewe ulipopimwa haukuwa na sukari hata chembe. Protini ilikuwepo kidogo, na daktari akaeleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe waliyoitafuta: presha ilikuwa inamla huyu mtu polepole kwa miaka, bila yeye kujua, mpaka ikapanda kichwani. Wakamwongezea dawa inayofaa. Siku zilizopotea, alisema, tuombe zisiwe zimemdhuru. Hakunikaripia zaidi ya hapo.

Kisha akanigeukia na kile kimashine.

"Lete kidole, bibi."

Nikasema mimi siumwi. Akasema mkojo uliojaa sukari ni wa mtu, na mtu huyo si Kalisti. Sista akavuta kigoda, nikakalishwa katikati ya wodi ya wanaume, nikatobolewa kidole, na wote wameinua shingo kutazama kama wanasubiri matokeo ya mpira. Daktari alisoma namba, akanionyesha. Sikuijua maana yake, lakini niliuona uso wake. Nilikuwa na kisukari, na nilikuwa nacho muda mrefu, na zile kiu za usiku na ganzi ya miguu ambazo niliziita uzee hazikuwa uzee. Akasema na mishipa yangu inavuja kama ya mkwe wangu, na kwamba nisingeletwa pale na huyu mgonjwa, safari nyingine ya bajaji ningelala mimi. Mzee Nkana akauliza kama sasa na mimi nitalazwa wodi hiihii.

Kalisti alipona kwa kiasi chake. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia bado mvivu, maneno yamerudi lakini yanakuja moja moja. Sentensi yake ya kwanza nzima, Skola ananiambia, ilikuwa: "Mama alikunywa uji wangu." Sikukana. Kabungu nzima wanaijua sasa, Kakese pia, na nasikia imefika hata Mwese, huko milimani ambako habari njema hazifiki. Sokoni mama muuza nyanya huwa ananiuliza wakwe zangu wote wazima. Namwambia wazima, nipimie nyanya.

Siku Skola alipomleta mtoto nimwone, nilimwambia Kalisti aingie ndani akae kwenye kiti. Alisita mlangoni muda mrefu. Nikamwambia mara ya pili kwa sauti ile inayowafanya vijana wafiche chupa, akaingia. Nikawaita wote, mwanangu Tito na mke wake, wajukuu, Skola na mtoto mgongoni, wakakaa kimya kwa sababu walidhani kuna mtu kafa.

Nikawaambia: "Daktari amesema na mimi naweza kuanguka siku yoyote. Nikianguka, aliye karibu anishike. Awe mkwe, awe mke wa Tito, awe mtoto. Anivue, anioshe, na wakitaka mkojo wangu auchukue yeye, na akiulizwa ni nani wangu aseme kweli. Asisimame kungoja niinuke. Haya, mke wa Tito, pakua chakula, na leo Kalisti anakula humuhumu ndani, na sisi."